Hisani na Deni: Sera za Lugha za Serikali ya Shirikisho la Marekani na Wilaya za Shule za Umma, 1968–2025

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mabadiliko ya sera za serikali ya shirikisho nchini Marekani yalivyoziathiri wilaya za shule za umma katika kuwahudumia wanafunzi wasiojua Kiingereza, kuanzia Sheria ya Elimu ya Lugha Mbili ya 1968 hadi matukio ya 2025. Hoja kuu ni kwamba sera ya shirikisho huifikia wilaya kwa njia mbili ambazo mara chache huandamana: ruzuku, ambayo ni hisani inayoweza kuondolewa, na haki ya mwanafunzi, ambayo ni deni linalobaki hata bajeti ikibadilika. Makala inaonesha kuwa ruzuku ilibadilika kwa kila uongozi mpya, ilhali deni lilidumu. Lakini kwa kuwa deni hilo halikuambatanishwa na njia moja ya kulilipa, kila wilaya ililitafsiri kadiri ya uwezo na utashi wake. Makala inahitimisha kwa kuainisha funzo linalozihusu nchi za Afrika Mashariki zinazotunga sera za Kiswahili shuleni.

1.0 Utangulizi

Katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, neno wilaya humaanisha ngazi ya utawala inayosimamiwa na mkuu aliyeteuliwa na serikali kuu. Wilaya ya shule nchini Marekani ni kitu tofauti. Ni mamlaka ya umma yenye mipaka yake, bajeti yake na bodi ambayo aghalabu huchaguliwa na wakazi. Huajiri walimu, hununua vitabu na huamua mengi kuhusu ratiba na ufundishaji. Sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na fedha za jimbo na kodi ya ardhi na majengo. Wilaya za namna hii ni takriban 13,000. Katiba ya nchi haitaji elimu popote, na Marekebisho ya Kumi ya Katiba hiyo huyaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo serikali ya shirikisho haikupewa.

Kwa mantiki hiyo, Washington haikutarajiwa kuwa na sauti kubwa darasani. Kwa miaka mingi mchango wake katika gharama za shule za umma umekuwa takriban asilimia 10 au pungufu. Hata hivyo, historia ya nusu karne iliyopita inaonesha kuwa sheria ya shirikisho ikibadilika, wilaya hulazimika kubadili namna ya kuwapima wanafunzi, kuwapanga madarasani na kuwasiliana na wazazi. Maswali mawili yanajitokeza. Kwa nini mchango mdogo kiasi hicho una athari kubwa kiasi hicho? Na kwa nini badiliko moja la sera huzaa matokeo tofauti katika wilaya mbili tofauti?

Makala hii inayajibu maswali hayo kwa kutumia eneo moja, yaani elimu ya watoto wasiojua Kiingereza. Eneo hili linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili. Katika muongo wa 2010, Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakiishi katika kambi na makazi ya Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Katika mwaka wa fedha wa 2019 pekee, karibu 13,000 kati ya wakimbizi 30,000 waliopokelewa walitoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watoto wao wameingia katika wilaya za shule za majimbo kama Kentucky, Iowa, Ohio na Texas. Hatima yao shuleni inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na sheria zilizotungwa miongo kadhaa kabla hawajazaliwa.

2.0 Mwanzo wa hisani: 1965–1973

Tarehe 11 Aprili 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari, ambayo kwa mara ya kwanza iliingiza fedha nyingi za shirikisho katika shule zenye watoto maskini. Johnson mwenyewe aliwahi kufundisha watoto wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika mji mdogo wa Cotulla, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilikuwa desturi katika shule nyingi za eneo hilo kuwakataza watoto kuzungumza Kihispania, jambo ambalo wasomaji waliosoma shule za kikoloni, au waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, watalielewa bila maelezo marefu.

Mwaka 1967, Seneta Ralph Yarborough wa Texas aliwasilisha muswada wa kusaidia shule zitakazowafundisha watoto hao kwa lugha mbili. Muswada huo ulipitishwa kama Sehemu ya VII ya sheria ya 1965, na Johnson aliutia saini tarehe 2 Januari 1968. Hii ndiyo Sheria ya Elimu ya Lugha Mbili.

Umuhimu wa sheria hiyo ulikuwa mkubwa kiishara, lakini muundo wake ulikuwa na udhaifu wa msingi. Haikuilazimisha wilaya yoyote kufanya lolote. Wilaya iliyotaka fedha iliandika maombi na kushindana na nyingine. Bunge la Kongresi liliidhinisha dola milioni 15 kwa mwaka wa kwanza bila kuzitoa. Mwaka 1969 zilitolewa dola milioni 7.5. Wilaya zilizofaidika zilikuwa zile ambazo tayari zilikuwa na watu wa kuandika maombi mazuri. Wilaya ndogo ya mashambani, ambayo pengine ilikuwa na uhitaji mkubwa zaidi, ilibaki kama ilivyokuwa. Sera ilikuwepo, lakini mtoto hakuwa na la kudai. Alichokuwa nacho ni bahati ya kuzaliwa katika wilaya iliyoomba na kupewa.

3.0 Hisani kugeuka deni: 1974–1982

Njia ya pili ilitokana na sheria ambayo haikutungwa kwa ajili ya lugha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikataza ubaguzi wa rangi au asili ya kitaifa katika shughuli yoyote inayopokea fedha za shirikisho. Mei 1970, Ofisi ya Haki za Kiraia ilizitumia barua wilaya zenye zaidi ya asilimia 5 ya watoto wa jamii za walio wachache kwa asili ya kitaifa, ikizieleza kuwa zinapaswa kuchukua hatua za kuondoa kikwazo cha lugha pale ambapo kutojua Kiingereza kunawazuia watoto kushiriki masomo.

Barua hiyo ilipata nguvu kupitia kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Katika wilaya ya San Francisco kulikuwa na wanafunzi 2,856 wenye asili ya Kichina ambao hawakujua Kiingereza. Wapatao 1,000 walipewa masomo ya ziada ya Kiingereza. Wapatao 1,800 hawakupewa chochote. Wilaya ilijitetea kwamba haikumbagua mtu, kwa kuwa watoto wote walipewa walimu walewale, vitabu vilevile na mtaala uleule. Tarehe 21 Januari 1974, Mahakama ya Juu iliikataa hoja hiyo kwa kauli moja. Jaji William O. Douglas alieleza kuwa usawa haupatikani kwa kuwapa watoto wote vitu vilevile ikiwa baadhi yao hawaielewi lugha ya darasa. Agosti mwaka huohuo, Kongresi iliuingiza msimamo huo katika sheria: Sheria ya Fursa Sawa za Elimu ilizitaka wilaya zichukue hatua zinazofaa kuondoa vikwazo vya lugha.

Hapo uhusiano kati ya Washington na wilaya ulibadilika. Wilaya haikuweza tena kusema kuwa haikuomba ruzuku na kwa hiyo haiwajibiki. Mchango mdogo wa fedha za shirikisho ukawa kamba iliyoifunga kwenye wajibu mkubwa, kwa sababu wilaya iliyopokea hata sehemu ndogo ya fedha hizo ililazimika kuheshimu haki zinazoambatana nazo. Hili ndilo jibu la swali la kwanza: nguvu ya Washington haikutokana na wingi wa fedha zake bali na masharti yaliyofungamana nazo.

Lakini Mahakama haikusema ni njia gani itumike. Ilitaja uwezekano wa kufundisha Kiingereza na uwezekano wa kufundisha kwa Kichina, kisha ikaacha uamuzi kwa wengine. Mwaka 1975 Ofisi ya Haki za Kiraia ilitoa miongozo iliyoegemea elimu ya lugha mbili. Agosti 1980 serikali ya Rais Carter ilipendekeza kanuni rasmi. Februari 1981 Waziri wa Elimu wa serikali mpya ya Rais Reagan, Terrel Bell, aliziondoa kabla hazijaanza kutumika. Wilaya zilizokuwa zimejiandaa kwa kanuni hizo zilijikuta zina wajibu uleule lakini hazina ramani.

Ramani ya muda ilitoka mahakamani. Mwaka 1981, katika kesi ya Castañeda dhidi ya Pickard iliyoihusu wilaya ya Raymondville, Texas, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo vitatu. Programu ya wilaya iwe imejengwa juu ya nadharia ya elimu inayokubalika na wataalamu. Itekelezwe kwa walimu na vifaa vya kutosha. Na baada ya muda ithibitike kuwa inaondoa kikwazo cha lugha. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba wilaya ya Tyler, Texas, haikuwa na ruhusa ya kuwatoza watoto wasio na hati za uhamiaji ada ya dola 1,000 kwa mwaka. Mlango wa shule ulifunguliwa, na ndani ya mlango huo lugha ya mtoto ikawa jambo la kisheria.

4.0 Deni moja, walipaji wengi: 1988–2015

Kuanzia miaka ya 1980, hisani na deni vilianza kuachana. Marekebisho ya 1988 yaliruhusu hadi asilimia 25 ya ruzuku za Sehemu ya VII zitumike kwa programu zisizotumia lugha ya mtoto. Baadaye majimbo yaliingilia kati. California mwaka 1998, Arizona mwaka 2000 na Massachusetts mwaka 2002 yalipitisha kwa kura za wananchi sheria za kufundisha kwa Kiingereza pekee. Wilaya ikabanwa pande mbili: chini ya sheria ya shirikisho iliyodai matokeo, na chini ya sheria ya jimbo iliyoamuru njia.

Mifano miwili inaonesha jinsi wilaya zilivyotofautiana. San Francisco ilikuwa imefungwa na makubaliano yaliyosajiliwa mahakamani mwaka 1976 kufuatia kesi ya Lau. California ilipopiga marufuku sehemu kubwa ya elimu ya lugha mbili, wilaya hiyo iliendeleza programu zake ikitegemea makubaliano hayo. Wilaya iliyoshindwa mahakamani mwaka 1974 kwa kuwapuuza watoto ilitumia hukumu hiyohiyo kama ngao ya kuwalinda robo karne baadaye.

Huko Nogales, Arizona, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1992 familia za wanafunzi zilifungua kesi zikidai kuwa jimbo halikutoa fedha za kutosha kuondoa kikwazo cha lugha. Zilishinda mwaka 2000, lakini shauri liliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2009, katika uamuzi wa Horne dhidi ya Flores, Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 iliirudisha kesi chini na kuzitaka mahakama zizingatie mabadiliko ya mazingira, yakiwemo ya sera za shirikisho. Wakati huohuo jimbo lilianzisha utaratibu wa kuwatenga wanafunzi hao kwa saa nne kila siku ili wajifunze Kiingereza tu, huku wenzao wakisoma masomo mengine. Utaratibu huo ulilegezwa kwa sheria mwaka 2019. Haki ileile iliyoikinga San Francisco haikuwafikia watoto wa Nogales kwa namna ileile.

Katikati ya mivutano hiyo, sera ya shirikisho yenyewe ilibadilishwa kutoka juu. Tarehe 8 Januari 2002, Rais George W. Bush alitia saini Sheria ya Asiachwe Mtoto Yeyote Nyuma. Sehemu ya VII ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sehemu ya III. Neno lugha mbili liliondolewa hata katika jina la ofisi iliyosimamia fedha hizo. Ikawa ofisi ya kujipatia Kiingereza. Ruzuku ziliacha kushindaniwa na zikaanza kugawanywa kwa majimbo kulingana na idadi ya wanafunzi. Kwa upande wa mgawanyo, hili lilikuwa badiliko la haki zaidi, kwa kuwa wilaya ndogo ambazo hazikuwahi kupata chochote zilianza kupata fungu.

Pamoja na fungu hilo ulikuja mtihani. Wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 8 walipimwa kila mwaka katika kusoma na hisabati, na matokeo ya wasiojua Kiingereza yalitangazwa peke yake. Kwa mara ya kwanza wilaya haikuweza kuwaficha ndani ya wastani wa jumla. Lakini kipimo kilikuwa na kasoro ya kimantiki. Mwanafunzi aliyekwisha kuimudu lugha aliondolewa katika kundi, na mgeni aliyewasili akaingizwa. Kundi hilo kwa fasili yake lingebaki daima na wale wasioimudu lugha, ilhali sheria ilitaka asilimia 100 ya wanafunzi wafaulu kufikia 2014. Wilaya iliyofanya kazi vizuri iliweza kuonekana imeshindwa kwa sababu tu wageni waliendelea kuwasili. Sheria iliyofuata, iliyotiwa saini na Rais Obama tarehe 10 Desemba 2015, iliyarudishia majimbo sehemu kubwa ya uamuzi na kuhamishia maendeleo ya Kiingereza katika Sehemu ya I, yaani katika tathmini kuu ya shule.

5.0 Mtoto wa Nyarugusu katika daftari la wilaya

Athari za mabadiliko haya huonekana vizuri zaidi katika hatua ya kwanza kabisa, yaani uandikishaji. Mzazi hupewa dodoso linaloulizia lugha inayozungumzwa nyumbani. Familia nyingi za Kongo zilizoishi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ni za Wabembe kutoka Fizi, Kivu Kusini. Baba anaweza kuandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyoizoea mbele ya maofisa, hata kama nyumbani mtoto huzungumza Kibembe. Shuleni kambini mtoto huyo alifuata mtaala wa Kongo wenye Kifaransa. Mwenzake aliyetoka katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda alisoma kwa mtaala wa Uganda, na huenda tayari anasoma Kiingereza. Katika daftari la wilaya wote wawili huwa wasemaji wa Kiswahili.

Wajibu wa kisheria unaitaka wilaya impime mtoto, imfundishe kwa programu yenye mashiko, na iwasiliane na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Lakini sheria haimtambulishi Mbembe, wala haimzalishi mwalimu anayejua kuwa kusoma Kifaransa ni akiba ya kumfikishia mtoto Kiingereza. Maarifa hayo hutokana na walimu na wakalimani ambao wilaya huwaajiri, na kuajiri kunahitaji fedha zinazotabirika.

Hapo ndipo matukio ya 2025 yanapopata uzito wake. Tarehe 1 Machi, Rais Trump alitoa amri iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka taasisi za shirikisho zirahisishe huduma kwa wasiojua Kiingereza. Ofisi iliyosimamia Sehemu ya III ilipoteza takriban watumishi wake wote. Tarehe 1 Julai, siku ambayo fedha za mwaka mpya wa masomo huanza kupatikana, serikali ilizuia mafungu kadhaa ya elimu, likiwemo la Sehemu ya III la takriban dola milioni 890, kisha ikayaachilia mwishoni mwa mwezi. Agosti, mwongozo wa 2015 uliozieleza wilaya wajibu wao kwa wanafunzi hao uliondolewa.

Fedha zilirudi, lakini wilaya hutia saini mikataba ya walimu miezi kadhaa kabla ya Julai. Wiki chache za mashaka zinatosha kuifanya wilaya iahirishe kumwajiri mkalimani, na mkalimani asiyeajiriwa Julai hayupo mtoto anapoandikishwa Agosti. Hata hivyo, sheria ya 1964, sheria ya 1974 na hukumu ya Lau hazikufutwa. Wilaya ilibaki na deni lote, huku aliyetarajiwa kusaidia kulilipa akisitasita.

Haifai pia kulitukuza deni kupita kiasi. Haki hudumu katika maandishi, lakini inahitaji wa kuidai. Mwaka 2001, katika kesi ya Alexander dhidi ya Sandoval, iliyohusu mitihani ya leseni za udereva iliyotolewa kwa Kiingereza pekee huko Alabama, Mahakama ya Juu iliwanyima watu binafsi uwezo wa kushtaki chini ya Sheria ya Haki za Kiraia kwa madhara ambayo hayakukusudiwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya ulinzi imetegemea maofisa wa serikali ileile inayobadilika kila baada ya uchaguzi. Sheria ya 1974 bado inampa mzazi njia ya kwenda mahakamani, lakini mzazi aliyewasili juzi kutoka Kigoma si mtu wa kutarajiwa kuifahamu.

6.0 Hitimisho

Historia hii inajibu swali la pili lililoulizwa mwanzoni. Badiliko moja la sera huzaa matokeo tofauti kwa sababu wilaya hailipokei likiwa kitu kimoja. Hupokea wajibu kutoka mahakamani, fedha kutoka Kongresi, njia kutoka jimboni, na wanafunzi kutoka popote dunia inapotikisika. Vinne hivi vikielekea upande mmoja, mtoto husoma. Vikitengana, wilaya huziba pengo kwa uwezo wake, na uwezo huo haulingani.

Kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, suala hili si la mbali. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017; wakuu wa Jumuiya walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021; na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya yote yametoka juu na yanatarajiwa kutekelezwa chini, katika shule ambazo mwalimu wa Kiswahili aghalabu hajapatikana. Tamko peke yake halimpi mtoto wa Arua au Nyagatare cha kudai, na mradi wa wafadhili peke yake haudumu baada ya wafadhili kuondoka.

Vigezo vitatu vya Castañeda, vilivyozaliwa katika mji mdogo wa Texas, vinaweza kuwafaa washauri wa sera wa ukanda huu kama kipimo cha kila tamko la lugha kabla halijatangazwa: je, limejengwa juu ya nadharia inayokubalika, je, limetengewa walimu na vifaa, na je, ni nani atakayerudi baada ya miaka michache kuangalia kama watoto wamejifunza? Cha nne, ambacho historia ya Marekani inakiongeza, ni kuamua mapema nani atalibeba deni siku hisani itakapokoma. Mahali ambapo swali hilo halijajibiwa, huishia kujibiwa na mwalimu mmoja mbele ya darasa, kwa mshahara wake na muda wake.